Nyayo Zilizolazwa Kifudifudi

Kigae cha tatu kutoka mlango wa jikoni kilikataa kukauka. Dominic alikuwa amepiga deki sebule nzima asubuhi hiyo na kufungua madirisha, na sakafu ikakauka kabla hajamaliza kukamua kitambaa, maana huko Kaloleni mjini Voi jua halina mchezo. Hicho kimoja kikabaki na maji. Akakipangusa kwa kitambaa kikavu, akaenda kujimiminia chai, na aliporudi na kikombe akakuta maji yamerudi, matone madogo madogo yametulia juu yake kama jasho kwenye paji la uso wa mgonjwa.

Alifikiri bomba limepasuka huko chini, kisha akajicheka. Dominic ndiye anayezunguka mtaa kwa mtaa kusoma mita za maji, na alijua kuliko mtu yeyote kwamba mabomba ya Kaloleni hayakuwa yameona tone kwa siku tisa. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya kile kigae. Kilikuwa baridi, tena baridi ya kule kwao Mbale, mlimani, asubuhi ya mwezi wa saba ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba. Akauondoa mkono haraka. Halafu akafanya ambacho wengi wetu tungefanya: akatandika zulia juu yake, akaenda stendi kumpokea mke wake.

Inabidi niieleze sakafu hiyo, la sivyo utamwona Dominic mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya.

Nyumba ilijengwa na baba yake, mtu wa reli, na sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, ile ya zamani ambayo ilipakwa polishi kila Jumamosi na kusuguliwa mpaka ukiinama unaona meno yako. Miaka ikapita, ikaanza kupasuka, na karibu na mlango wa jikoni sehemu moja ikadidimia. Dominic aliita fundi akaziba hapo kwa saruji mpya. Saruji ikiwa bado mbichi, binti yake Mkamburi, aliyepewa jina la nyanya yake kama ilivyo desturi ya Wadawida, Wataita wa mlimani, na ambaye alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja, alitoka chumbani bila viatu. Akasimama pale katikati kwa miguu yote miwili, akainama kutazama ni kitu gani hicho kilaini. Fundi alitaka kulainisha kwa mwiko, Dominic akamwambia aache. Walicheka sana siku hiyo. Nyayo mbili zikabaki kwenye sakafu, vidole vyote kumi, na kile kidogo cha mguu wa kushoto kimejikunja kama ilivyokuwa kawaida yake.

Januari hii Mkamburi alishikwa na homa siku ya Jumatano. Ijumaa hakuwepo. Alikuwa na miaka minne na miezi mitatu, na sina maneno mengine ya kuweka hapo.

Alizikwa Mbale, kando ya nyanya yake, kwa sababu mtu huzikwa kwao na kwao ni mlimani. Rita, mama yake, ni mzaliwa wa Mboghoni huko Taveta, watu wa tambarare na joto, na kilichomuumiza kupita vyote ni baridi. Kila walipoenda Mbale mtoto alilala na soksi na sweta, na bado alilalamika. Rita aliomba azikwe na sweta yake ya manjano, wakakubali. Waliporudi Voi, majirani wakaanza kumwita Rita. Tangu ajifungue walikuwa wakimwita Mama Mkamburi. Sasa waliogopa kwamba jina hilo litamuumiza, wasijue kuliacha kulimuumiza zaidi. Dominic peke yake ndiye aliyeendelea kulitumia.

Kila siku saa sita na nusu mchana, wakati watoto wa chekechea wanapotoka shule, Rita aliketi sakafuni karibu na mlango wa jikoni, akaweka kiganja kwenye unyayo mmoja, kisha kwenye wa pili. Jumamosi alipaka polishi sakafu nzima, lakini zile nyayo alizipangusa kwa ncha ya kidole. Hakulia hata mara moja. Angelia, labda Dominic angevumilia. Siku moja alirudi kula chakula cha mchana akakuta bakuli la uji na kijiko vimewekwa mbele ya nyayo, uji umeganda juu. Hakuuliza. Alienda nyuma ya nyumba akalia akiushika ukuta, na hapo ndipo alipoamua kwamba sakafu ile lazima iondoke, la sivyo atabaki na kaburi mlimani na kaburi lingine ndani ya nyumba.

Alimshawishi Rita aende Mboghoni wiki mbili akapumzike kwa mama yake. Alipoondoka tu, akamwita Sylus, fundi wa vigae kutoka Mwatate, mtu mpole asiye na maneno mengi, akamwambia avunje yote na atandike vigae vyeupe. Kisha akaenda kazini na hakurudi mpaka jioni, kwa siku tatu mfululizo, kwa sababu hakutaka kusikia nyundo ikianguka mahali pale. Hakuuliza kifusi kilipelekwa wapi. Kumbuka hilo, maana ndilo kosa lake.

Rita aliposimama mlangoni siku ile ya kurudi, mfuko wa ndizi mkononi, hakupiga kelele. Alivua viatu. Alitembea juu ya vigae vipya mpaka mlango wa jikoni, akaliinua zulia, akapiga magoti.

"Umempeleka wapi?" akauliza.

Dominic akaanza kusema alifikiri ni vizuri, alifikiri itamsaidia.

"Sikuulizi ulifikiri nini, Baba Mkamburi. Nakuuliza umempeleka wapi."

Dominic akauchukua mfuko wa ndizi, akauweka mezani.

Kesho yake walikuwa mezani wakila ugali na kunde, hawasemezani, saa ya ukutani ikisema saa sita na nusu, Dominic aliposikia nyayo ndogo zikikimbia kutoka mlango wa mbele kuelekea jikoni. Aliinua kichwa akidhani ni mtoto wa jirani. Mlango ulikuwa umefungwa. Sebuleni hapakuwa na mtu. Nyayo zikarudi, pata pata pata, zikapita chini ya meza, zikapita katikati ya miguu yake na miguu ya Rita, na ilimchukua muda kutambua kilichokuwa kinafanya nywele za shingo yake zisimame, kwamba sauti ile haikuwa juu ya vigae bali chini yake, nyayo tupu zikigonga upande wa pili wa sakafu, kana kwamba huko chini kuna nyumba nyingine iliyopinduliwa na kuna mtu anatembea ndani yake kichwa kikining'inia gizani. Zikafika kwenye kigae cha tatu. Zikasimama.

Alimtazama mkewe. Rita alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Januari, na tabasamu lile lilimwogopesha Dominic kuliko nyayo.

"Ametoka shule," Rita akasema polepole.

Tangu siku hiyo hakutoka nje tena. Asubuhi alisubiri, saa sita na nusu alisimama peku juu ya kile kigae, akifumba macho. Alimwita Dominic naye avue viatu aje asimame. Alikataa siku tatu. Siku ya nne alikubali, kwa sababu Rita alimwomba kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya msiba, na mtu mwenye njaa ya sauti hiyo hufanya lolote. Alisimama. Baridi ikampanda mpaka magotini. Halafu, kupitia kigae, akahisi nyayo mbili ndogo zikija kujibandika chini ya nyayo zake, kisigino kwa kisigino, vidole vikitafuta vidole, na kile kidogo cha kushoto kimejikunja. Alitoka mbio mpaka barabarani bila viatu, na waliomwona wakasema sasa na baba naye amerukwa na akili.

Harufu ya saruji mbichi ikajaa nyumbani. Ilikuwa kwenye chai, kwenye mto wa kulalia, kwenye nywele za Rita. Kigae cha nne nacho kikaanza kutoa maji, kisha cha pili. Rita alikonda. Mchana wa jua kali alivaa sweta na bado meno yake yaligongana, na ngozi ya nyayo zake ikawa nyeupe na kupasukapasuka, vile miguu ya mafundi huliwa na saruji wakiikanyaga siku nyingi bila buti. Dominic alimpaka mafuta usiku naye hakuuondoa mguu, lakini alikuwa kama mtu anayepakwa mafuta akiwa mbali.

Siku ya tisa alimkuta sakafuni na kisu cha jikoni. Alikuwa anakwangua saruji nyeupe iliyojaza nafasi kati ya vigae, kucha mbili zimetoka damu.

"Unafanya nini, Mama Mkamburi?"

"Nimemuuliza kama yuko peke yake. Akigonga mara moja, hiyo ni ndiyo. Amegonga mara moja." Hakuacha kukwangua. "Nikamuuliza kama anataka nishuke."

"Akajibu nini?"

Rita akamwonyesha. Kigae kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona, na ufa wenyewe ulikuwa umeinuka juu kidogo, kama wa kitu kilichogongwa kutoka chini. Dominic akamnyang'anya kisu, akaketi amemkumbatia hadi magharibi, na kwa mara ya kwanza akajisemea waziwazi alichokuwa akikikwepa: amemzika mtoto, na sasa mke naye anaondoka huku amemshika.

Walianza na kanisa. Mama Everlyne, kiongozi wa akina mama, alikuja na wenzake sita, wakaimba na kupiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Nyayo zilikuja hata kabla ya saa yake. Ziliufuata wimbo. Walipoharakisha zikaharakisha, walipopunguza zikapunguza, zikicheza chini ya miguu yao, zikihama kutoka kwa mama mmoja hadi mwingine, na kila aliyefikiwa aliacha kuimba, mpaka ikabaki sauti moja, ya Mama Everlyne mwenyewe, ambayo nayo haikuwa imara. Alimaliza kwa maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba. Akiwa mlangoni, mkoba kwapani, alimvuta Dominic kando.

"Mimi ni mtu wa kanisa, Baba Mkamburi, na siwezi kukwambia uende kwa mganga," akanong'ona. "Lakini kuna mama anaitwa Ndeti, anauza mitumba pale sokoni. Mwambie tu unatafuta sweta."

Ndeti alikuwa mama wa Kikamba wa miaka kama sitini, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza Dominic akiendelea kukunja nguo za watoto, na Dominic akawa anaangalia pembeni. Hakuuliza ndoto wala mikosi ya ukoo. Aliuliza swali moja tu: sakafu ya zamani ilienda wapi? Dominic akasema hajui. Ndeti akamwambia ampigie fundi simu sasa hivi, aje.

Sylus alifika Kaloleni jioni hiyo, akawakuta Dominic na Ndeti wakimsubiri, akasimama uani na kofia mkononi. Alisema kifusi kingi alikitumia chini ya vigae, kama mafundi wote wanavyofanya, kwa sababu hakuna jiwe la kujazia sakafu zuri kama sakafu ya zamani. Hapo akaikunja kofia.

"Kile kipande chenye miguu ya mtoto sikuweza kukivunja," akasema. "Nyundo nimeinua mara tatu. Mimi mwenyewe nina msichana wa umri huo. Na kukipeleka dampo nikaona vibaya, mguu wa mtoto ukanyagwe na ng'ombe. Nikakichimbia pale pale. Nikakigeuza uso chini, mkubwa, nisimwage simiti juu ya vidole."

Alisema hayo akilia, mtu mzima. Dominic hakuweza kumkasirikia. Angekuwa yeye, angefanya hivyo hivyo.

"Moyo wako ulikuwa safi, fundi," Ndeti akasema. "Lakini umempa miguu."

"Umempa nani?" Dominic akauliza.

Ndeti alieleza bila kupamba. Udongo una wenyewe. Chini ya kila nyumba iliyokaa sana kuna jini, na wengi wao hawana neno na mtu, wamelala tu, hawana sura wala njia ya kupanda. Nyayo zile zilikuwa zinatazama juu, kwa watu. Zilipogeuzwa zikamtazama jini wa humu, zikiwa tupu, zikiwa na umbo la mtoto anayeliliwa kila siku. Akazivaa kama mtu anavyovaa viatu alivyoviokota. Dawa yake ilikuwa moja. Kipande kitolewe, kigeuzwe, na aliyeizaa ile miguu azijaze nyayo kwa saruji kwa mkono wake mwenyewe, alainishe mpaka pasibaki alama. Mtu mwingine akimfanyia haitashika. Akilazimishwa pia haitashika.

"Na asipokubali?"

"Atashuka," Ndeti akasema. "Nawe utakuwa na wawili chini ya hizi taili, na sitakuwa na la kukufanyia."

Ndeti na Sylus walirudi kesho yake mchana. Ndeti alimweka Dominic kwenye mlango wa mbele akamwambia aushike wazi, asiufunge mpaka asikie kimetoka, na kwamba kikipita atasikia nyayo zake, mbili, za kukimbia. Akamwonya kwamba kikishaanza kutoka, lolote atakalosikia asitamke jina la mtoto. Ukiita jina, kitageuka.

Sylus akang'oa kigae. Maji yakatoka, meusi, yenye harufu ya saruji iliyomwagwa sasa hivi ingawa ile ya kipande ilikuwa na miaka miwili na ushei. Akaingiza mikono, akainua kipande, akakigeuza. Nyayo zilikuwa safi, nyekundu pembeni kwa polishi ya Jumamosi nyingi. Rita akajitupa juu yake kwa kifua chake.

"Ni mtoto wangu," akasema. "Mlimzika mara moja mkanishika mikono. Leo mnataka nimzike mimi mwenyewe."

Sylus akatoka nje, alishindwa. Ndeti hakumvuta Rita. Aliketi sakafuni kando yake akanyoosha miguu kama mtu anayechambua mchele.

"Mama Mkamburi," akaanza, na kwa jina hilo Rita akainua uso. "Mtoto wako alipofika miaka minne alijua nini ambacho hakujua akiwa na miwili?"

Rita akasema, kuruka. Kuruka kwa mguu mmoja. Alifundishwa shuleni Novemba, na tangu siku hiyo hakutembea kama watu. Alitoka langoni mpaka jikoni kwa mguu mmoja bila kuugusisha wa pili chini, akianguka alirudi langoni kuanza upya, na uji haukunywewa mpaka mama atazame.

"Hizi nyayo ziliachwa na mtoto wa miaka miwili," Ndeti akasema. "Aliyezivaa anajua zilichojua siku ile tu. Mwambie akuonyeshe."

Rita akalaza shavu sakafuni. "Mkamburi," akasema kwa sauti ya kubembeleza, "mwonyeshe mama. Mguu mmoja."

Kimya. Hata barabarani palikuwa kimya. Halafu kutoka chini, kishindo cha miguu miwili pamoja.

"Hapana, mama. Mmoja."

Miwili tena. Na tena, kwa nguvu zaidi, na tena, kwa hasira ambayo haikuwa ya mtoto, kisha ikasikika kama kitu kimejaribu, kikayumba, kikaanguka chini kwa kishindo kizito kuliko mwili wowote mdogo, na hapo nyayo zikaanza kukimbia huku na huku chini ya nyumba nzima, sebuleni, chumbani, chini ya kitanda, vigae vikipasuka kimoja baada ya kingine, na Rita, uso wake bado sakafuni, akaanza kulia, kilio cha Januari chote na Februari na Machi na Aprili kikitoka kwa pamoja.

"Hajui," akasema. "Huyu hajui kuruka."

Ndeti akampa mwiko.

Alianza na unyayo wa kulia. Alijaza kisigino, akajaza kati, akafika kwenye vidole na mkono ukasita kwenye kila kimoja. Kila alipopitisha mwiko kishindo cha chini kilizidi, vyombo vikaanguka kabatini, na harufu ile ikawa nzito hata Dominic, aliyesimama kwenye mlango wazi na upepo wa nje, akafunika pua. Alihamia wa kushoto. Kidole kidogo alikiacha mpaka mwisho kabisa. Alikitazama, akakigusa kwa kidole chake mwenyewe, akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia, akapitisha mwiko.

Nyayo zikanyamaza pale pale, katikati ya hatua. Ndeti akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuosha mwiko. Rita alikuwa amejikunja sakafuni, kilio chake kikijaza chumba chote.

Dominic akaendelea kushika mlango. Alikuwa ameambiwa angoje nyayo mbili za kukimbia, naye akangoja.

Alichosikia kilikuwa juu ya vigae. Kilianzia karibu na mgongo wa Rita. Mguu mmoja. Ta. Kimya kidogo, cha mtu anayejitafutia usawa. Ta. Ta. Ulikuja sebuleni kote hivyo, bila ule wa pili kugusa chini hata mara moja, ukikaribia mlango, na katikati ya njia ukasimama, na Dominic alijua, vile mzazi anavyojua, kwamba anangojewa atazame. Jina lilimfika mdomoni. Lilikuwa kwenye ulimi wake, na midomo ilikuwa imeshafunguka. Alikumbuka alichoambiwa. Alijiambia kwamba Rita amekifundisha chenyewe sasa hivi, kwa mdomo wake, na kwamba hicho ndicho kilichojifunza. Akafunga mdomo, akauma meno, machozi yakimtiririka shingoni, na mguu ule mmoja ukapita kando ya goti lake, ukashuka ngazi ta, ta, ukaingia kwenye jua.

Hapakuwa na baridi ulipopita. Hilo hakumwambia mtu.

Sylus alitandika vigae vipya wiki iliyofuata, na vilikauka vyote. Harufu iliisha. Nyayo za Rita zikapona polepole, na usiku wa siku ile kilipotoka Dominic aliziosha kwa maji ya vuguvugu kwenye beseni, naye Rita akamtazama akiosha.

"Baba Mkamburi," akasema. "Kilipotoka pale mlangoni, mimi nilikuwa nalia, sikusikia vizuri. Wewe ulisikia miguu mingapi?"

Dominic akaendelea kuosha. Alipitisha kitambaa kati ya vidole, kimoja kimoja, mpaka akaweza kuiamini sauti yake.

"Miwili," akasema.

Rita akatikisa kichwa kukubali, na usiku huo alilala. Bado humuuliza, mara moja moja, wakiwa wanakula au wakianika nguo, bila kumtazama usoni, na Dominic humjibu vile vile.